Kibodi Inayogoma Asubuhi

5 Machi

Mwanangu Kifundi,

Pokea salamu zangu, na za mama wa mlango wa pili, ambaye paka wake amezaa ndani ya sanduku langu la vitambaa bila kuniomba ruhusa. Mimi mzima, ila sikio la kushoto sasa limemfuata mwenzake wa kulia, kwa hiyo ukinipigia simu utakuwa unaongea na ukuta. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana nataka nawe uniandikie. Paa la karakana ya marehemu baba yako limeanza kuvuja upande wa dirishani. Nimeweka ndoo na kuisogeza meza. Kingine chochote sijakigusa.

Sasa nisikilize. Ile laptop uliyoniwekea huo mfumo wako wa Linux wa kuiendesha, ukasema itanizika, imeanza kunichezea. Naiwasha vizuri, inapitisha maneno yake meupe kwenye kioo cheusi, inafika pale pa kuandika neno la siri. Naandika. Kimya. Si kwamba herufi moja imekwama, zote hazifanyi kazi. Naizima kwa kukibana kile kitufe kama ulivyonionyesha, naiwasha tena. Mara imefufuka, mara bado. Jana iligoma mara nne mfululizo nikaenda jikoni kunywa chai kwa hasira, nikiiacha inajiwasha. Niliporudi ikafanya kazi kama si yeye.

Unajua kwa nini jambo hili linaninyima raha. Daftari la baba yako lina kurasa mia na arobaini na nimepiga chapa ishirini na sita tu. Hakuna mwingine aliye hai anayeweza kuusoma mwandiko ule. Tulijifunza kuandika kwenye dawati moja, yeye akinisukuma kwa kiwiko, na baadaye kwa miaka thelathini barua zake zote za kikazi nilizipiga mimi. Nikiondoka kabla sijamaliza, utakuwa umerithi mahali kuku walipochakura.

Nikuonjeshe ukurasa wa ishirini na tano: "Redio ya mpishi wa bweni. Inalia ikipigwa kofi tu. Nimepata ufa kwenye risasi ya kuungia, mdogo kuliko unywele. Kifundi ameshika tochi saa nzima bila kuulizia chakula." Ulikuwa na miaka saba.

Samahani kwa mwandiko, nimeandikia magotini. Na unakuja lini?

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imenikuta salama. Nimehama chumba, sasa nakaa juu ya duka la magodoro, kwa hiyo usingizi unanifuata hadi ngazini. Kazi chuoni inaendelea. Kompyuta mia mbili na wanafunzi elfu moja, na kila mmoja anaapa kwamba yeye hakugusa kitu.

Kuhusu kibodi. Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu mgonjwa akifika kwa daktari anakuwa mzima. Usiifungue laptop, na usimruhusu yeyote aifungue. Fanya hivi. Ukiiwasha, kabla ya yale maneno meupe huja ukurasa mweusi wenye orodha fupi. Hapo bonyeza mshale wa chini uone kama alama inashuka. Ikishuka, kibodi yenyewe ni nzima na ugonjwa unaanza Linux inapoamka. Isiposhuka, tutazungumzia waya. Pia andika kila unapoiwasha: tarehe, saa, imekubali au imegoma. Usitegemee kumbukumbu, hata yako.

Nashukuru kwa ukurasa wa ishirini na tano. Ile tochi naikumbuka. Ilikuwa nzito, na nilikuwa na njaa kweli kweli, ila niliogopa nikisema ataniambia niende nyumbani.

Lakini Shangazi, mwandiko wako umelala upande mmoja kama majani baada ya mvua. Umeandikia magotini kweli? Wewe uliyenichapa rula kwa kuandikia magotini?

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo imekubali, ndiyo maana unaona chapa. Mama Karatasi wa pale dukani ameniprintia, na amesema nikusalimu na kwamba ulikuwa mtoto wa kuharibu mashine yake ya fotokopi. Nimekutetea, ingawa ni kweli.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nimeiwasha mara arobaini na moja. Imegoma mara kumi na saba. Kati ya hizo, kumi na tatu ni kabla ya saa sita mchana. Mshale wa chini umeshuka mara zote, hata siku za kugoma, kwa hiyo kibodi inakuwa hai pale mwanzo, kisha inakufa Linux ikiingia. Nimeandika jambo jingine pembeni ambalo hukuniuliza: mama wa mlango wa pili akiwepo chumbani, haijagoma hata mara moja. Mbele ya wageni inajifanya mtoto mwema. Peke yangu inanionyesha makucha.

Usifikiri ni uzembe wangu. Naiwasha, nabonyeza mshale wako, kisha nakaa mgongo wima, miguu sakafuni, vidole vinane juu ya safu ya katikati, macho kwenye daftari la baba yako, nangoja. Hivi ndivyo tulivyofundishwa. Tulikuwa wasichana thelathini na mashine thelathini kwenye chumba chenye madirisha ya juu kabisa ili tusiangalie nje. Mwalimu wetu wa chapa alikuwa akipita nyuma na rula yake akisema, "Vidole vikae nyumbani. Kazi inakuja, ikukute tayari." Akitoa ishara, sote tunaanza kwa pamoja, na kile kishindo kilitikisa sakafu. Siku hizi nikiamka na ukimya huu wangu wa masikio, kile kishindo ndicho ninachokitamani. Baba yako alikuwa akinisubiri getini na baiskeli, mikono imejaa grisi, akidai anasikia mashine yangu katikati ya zile ishirini na tisa. Nilimwita mwongo. Leo ningetoa chochote nimsikie akidanganya tena.

Nimefika ukurasa wa hamsini na tatu. Kazi inakwenda polepole.

Swali langu la mwisho hukulijibu. Nimelitazama mbele na nyuma ya karatasi, halipo.

Shangazi yako


25 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Majedwali yako ni mazuri kuliko ya wahandisi wangu. Nilimwonyesha mkuu wangu wa idara, akauliza kama unatafuta kazi.

Nimepata stoo laptop ya aina ile ile, mwaka ule ule. Nimeiwekea Linux ile ile niliyokuwekea wewe na kuiwasha mara sitini, asubuhi na jioni, ikiwa baridi na ikiwa moto. Mikononi mwangu haikugoma hata mara moja.

Wakati naendelea kutafuta, nimekutumia kibodi ya kuchomeka pembeni, imo kwenye kifurushi hiki. Chomeka kabla ya kuwasha, iweke mbele ya laptop, utumie hiyo. Usiache kuandika kwenye jedwali.

Bado hujaniambia kuhusu mwandiko. Na hamsini na tatu kwa miezi hii yote? Zamani ulikuwa ukimaliza kurasa hamsini kabla chai haijapoa.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Kifurushi kimefika kikiwa kimebonyea pembe moja, ila cha ndani kizima. Asante. Paka watatu tumewagawa, mmoja amegoma kuondoka na analala kwenye kiti cha baba yako. Paa linavuja zaidi. Fundi wa paa alikuja, akaangalia juu, akatikisa kichwa na kuondoka, nami nikamwambia hata mimi kutikisa kichwa naweza.

Kibodi yako nimeitumia siku nne. Nimeiwasha laptop mara kumi na mbili na haikugoma hata mara moja. Na jambo la ajabu: hizo siku nne, hata ile kibodi yangu ya ndani ilikuwa inaamka. Nilijaribu herufi mbili tatu kila siku, ikazitoa zote. Ni kama imeona wivu baada ya kuletewa mke mwenza.

Lakini nimeirudisha kwenye boksi lake. Vitufe vyake ni vigumu kama mlango uliovimba kwa mvua, na inateleza mezani. Nimerudia ya ndani, nayo imerudia visa vyake. Jana saa tatu asubuhi iligoma mara sita. Nilikaa pale mkao wangu ule ule, nikaona machozi yananijia machoni kwa sababu ya kitu cha plastiki, nikajicheka.

Nimefika ukurasa wa sabini na moja. Nakuwekea hapa: "Leo Kifundi amefungua redio ya mwalimu mkuu bila kuniambia, akairudisha ikabaki skrubu moja nje. Redio inaimba vizuri. Skrubu nimeificha mfukoni, asije akavunjika moyo." Mimi nilicheka, kisha nikaenda karakanani kuangalia kama ile skrubu bado ipo. Vikopo vya skrubu ni vingi mno, mtu mmoja hawezi.

Kuhusu mwandiko wangu, mzee akiandika ovyo huitwa mzee, haitwi mgonjwa. Acha.

Na wewe unakuja lini?

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimeipata. Barua yako ilifika jana, nikaisoma nikiwa nimesimama ngazini. Siku ulizotumia kibodi yangu, ile ya ndani ilikuwa inaamka kwa sababu hakuna aliyekuwa anaigusa. Kwa wageni haigomi kwa sababu unageuka kuwasalimu. Ukienda jikoni kunywa chai inapona kwa sababu umeondoka. Nilirudi chuoni kabla usiku haujaingia, nikaichukua ile ya stoo, nikaiwasha huku nimebana vitufe vitatu vya safu ya katikati wakati maneno meupe yanapita. Ikagoma. Nikarudia mara kumi, ikagoma mara nane.

Ni hivi. Linux inapoamka inaita kifaa kimoja kimoja, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Ikifika zamu ya kibodi inategemea jibu moja fupi: nipo. Lakini kibodi ambayo kitufe chake kimebanwa inakuwa inatoa kelele za kile kitufe, jibu linapotea humo humo, na Linux inaandika kwamba mtoto huyu hayupo. Haiiti tena mpaka uizime na kuiwasha upya. Kwa hiyo dawa ni moja. Baada ya mshale, weka mikono mapajani mpaka ukurasa wa neno la siri ufike. Nimekuandikia pia kwenye karatasi ya pembeni maneno ya kumwongezea Linux ili akiita asikate tamaa haraka. Mama Karatasi atakusaidia kuyaingiza. Lakini dawa yenyewe ni mikono.

Miaka yako yote umeambiwa vidole vikae nyumbani, na leo mimi nakwambia uvitoe. Nisamehe.

Sasa jambo la pili, na hili silipendi. Nilijaribu kwanza kuweka vidole juu ya vitufe bila kubana, kama mpiga chapa anavyopumzisha. Haikugoma. Inagoma kitufe kikizama tu. Wewe ulikuwa na vidole vyepesi kuliko wote tuliowajua, baba alikuwa akisema unaweza kuviweka juu ya yai. Mtu wa namna hiyo habani kitufe bila kujua. Na vitufe vyangu vya pembeni si vigumu, Shangazi, ni vya kawaida kabisa.

Mkono una nini?

Mwanao


14 Julai

Shangazi, shikamoo.

Wiki sita sasa. Mama wa mlango wa pili ameniandikia kwenye simu maneno matatu: mzima, kakasirika, anakula. Nimefurahi kwa yote matatu.

Sikuuliza ili kukuumbua. Kama swali limekuchoma, lipite, niambie tu habari za paka.

Mwanao


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Paka ni mzima, mnene, na hana adabu.

Hii nakuandikia kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana ni kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nimekaa nayo siku nne. Nilikasirika, ni kweli. Nilikasirika kwa sababu niliiwasha ile laptop kama ulivyosema, mikono mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha, na ikaamka. Nikarudia. Ikaamka. Siku kumi mfululizo, asubuhi zote, haikugoma. Nilikuwa nimemtukana mwenzangu miezi minne na kosa likiwa la mkono wangu.

Tangu mwezi wa kwanza, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia havijui vilipo. Naviona, ila sivisikii. Asubuhi ndiyo mbaya, hata kile cha kati kinakuwa kama cha kuazima. Daktari ameniambia mshipa mmoja umebanwa shingoni, akanipa mazoezi ya kufinya mpira. Anasema vinaweza kurudi, vinaweza visirudi. Nikimwangalia mdomo naona anasema ukweli.

Sikukwambia kwa sababu najua ungesema nini. Ungesema nimpe kazi Mama Karatasi, nimsomee yeye apige. Mama Karatasi ni mtu mwema, lakini baba yako hakumwandikia Mama Karatasi. Kuna kurasa humu ambazo amekuandika wewe, si redio. Na tena nimepiga chapa tangu nina miaka kumi na minane. Masikio yamekwenda, nikasema sawa, mashine haihitaji masikio. Mkono nao ukienda, nitakuwa naamka asubuhi kufanya nini? Hilo ndilo lililonikasirisha, si wewe. Naogopa, mwanangu. Nimeandika, sasa limeandikwa.

Nimefika ukurasa wa tisini na nane. Zilizobaki ni arobaini na mbili, na vidole nilivyonavyo ni vinane. Tutaona nani atamaliza kwanza.

Nimekujibu. Sasa nawe nijibu.

Shangazi yako


10 Septemba

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako ya mkono wa kushoto mara nyingi. Sitasema umpe Mama Karatasi. Nilikuwa nimeshaliandika neno hilo kwenye karatasi nyingine nikaichana.

Umeuliza nakuja lini tangu mwezi wa tatu. Nitakwambia kwa nini nilikuwa naruka swali. Siku ya mwisho nilipokuwa karakanani na baba, alinionyesha redio aliyokuwa ameihangaikia wiki mbili. Nilikuwa nimepata kazi ya chuo, kichwa kimejaa upepo. Nikamwambia, "Baba, nani atasikiliza hii? Unatengeneza vitu vilivyokwisha kufa." Hakufoka. Ungejua jinsi ninavyotamani angefoka. Alizima taa ya mezani akasema, "Basi mlango huu usiufungue tena." Miaka mitatu sikuufungua. Nilikuja kumzika, nikakaa siku mbili kama mgeni, wala sikupita upande ule wa uwanja. Sasa kila nikifikiria kuja, naona ule mlango. Siogopi safari. Naona haya kusimama mbele ya kufuli.

Halafu nasoma kwamba alificha skrubu mfukoni nisivunjike moyo. Nilikuwa ofisini. Ilibidi nijifanye nimeingiwa na vumbi.

Nina ombi. Nitolee fotokopi ya kurasa zake kumi, za mkono wake, pamoja na chapa yako ya kurasa hizo hizo. Nataka niziweke ubavuni nijifunze kuzisoma. Isiwe wewe peke yako duniani unayeujua mwandiko wake, ni mzigo mkubwa kwa vidole vinane.

Finya mpira.

Mwanao


22 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Fotokopi nilizokutumia mwezi uliopita najua zimefika, kwa sababu mama wa mlango wa pili alinionyesha ujumbe wako kwamba "k" ya baba yako ni sawa na "h" ya watu wengine. Sasa unaanza kuelewa maisha niliyoishi.

Nimemaliza. Kurasa mia na thelathini na tisa zimo kwenye bahasha hii, Mama Karatasi amezitoboa na kuzifunga kwa uzi mwekundu bila hata kuambiwa. Kidole cha nne kimeanza kuhisi maji ya moto. Cha tano bado.

Ukurasa wa mia na arobaini sijaupiga. Si kwa ajili ya mkono. Nakutumia wenyewe, wa mkono wake, nimeukata kutoka kwenye daftari kwa wembe, Mungu anisamehe. Aliuandika wiki mbili kabla hajafa. Nimeusoma mara moja nikaona sina mdomo wa kuusema wala vidole vya kuupiga. Umeshajifunza herufi, usome mwenyewe.

Kuhusu karakana, usiuogope mlango, mlango ni mbao. Kufuli lilishika kutu nikalikata mwaka jana.

Jingine dogo. Kibodi imeanza tena. Juzi iligoma, na jana, na leo. Mikono naweka mapajani kama ulivyosema. Sijui ina nini sasa.

Shangazi yako


9 Novemba

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Ukurasa wa mwisho ulinichukua siku tisa. Niliuweka mezani kwangu na zile kurasa kumi pembeni, nikawa napata neno moja asubuhi na mawili jioni. Neno "vumbi" peke yake lilinila Jumapili nzima. Sikumwomba mtu msaada. Hata kama ningeomba, yuko nani?

Hili ndilo alilolisema, nakuandikia ujue kwamba nimesoma sawa:

"Redio ya dada. Imeletwa mara ya sita mwaka huu. Haina kosa, wala haikuwahi kuwa nalo. Nimeifungua, nimeifuta vumbi, nimeifunga. Nitampelekea mwenyewe Jumamosi nikae naye hadi jioni. Kifundi angekuwapo ningemfundisha hili, maana halimo kwenye vitabu vyake: si kila kinacholetwa kwa fundi kimeharibika."

Nimeielewa, Shangazi. Nimechelewa, lakini nimeielewa.

Kibodi yako nitaiangalia. Kwa barua haiwezekani tena, tatizo la safari hii ni kubwa. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili kazini na tiketi ninayo mfukoni. Nafika Jumamosi kabla ya saa sita. Nitaifungua, nitaifuta vumbi, nitaifunga, na nikimaliza nitakaa.

Mwanao